Zinki ya Momela na ndoo ya bati ya mama yangu

Wakuu, heshima kwenu. Wakubwa zangu, shikamooni.

Nimekaa hapa Kimandolu, mvua imegoma kukatika, nikakumbuka kazi yangu ya kwanza. Nasimulia ilivyokuwa, sitatia chumvi. Ziwa lenyewe lina magadi ya kutosha.

Nilikuwa fundi wa lab chini ya Dokta Aikande, mama wa Kichaga, Mlutheri kweli kweli, gari haliwashwi bila sala. Kila mwaka tulichota tope chini ya ziwa Momela, sehemu ileile, tukapima metali zilizomo: shaba, zinki, risasi. Tulitaka kujua kama dawa za mibuni za huku mlimani zinaishia ziwani.

Tulianza kipindi cha uhaba. Vijana hamtaelewa. Sabuni foleni, sukari foleni, ndoo ya plastiki huioni hata kwa dawa.

Kwa hiyo tukipita kijijini kwetu Akheri tunaazima ndoo ya bati ya mama yangu. Tope linamwagwa humo, linakorogwa, ndipo tunajaza vichupa. Na nyumbani kwetu chombo cha mtu hakirudishwi kitupu, basi Dokta alikuwa anairudisha na mche wa sabuni ndani. Mama alimpenda sana.

Jamani, nimeimiss ile miaka. Flamingo wamejaa ukingoni, Meru imevua wingu, sisi tunakula ndizi za kuchoma juu ya boneti ya Land Rover.

Ikaja ruksa, biashara ikafunguliwa. Soko la Kilombero likafurika mitumba, redio, ndoo za plastiki za kila rangi. Dokta akanunua nyekundu. Ndoo ya mama ikastaafu, kuku wakawa wananywea maji.

Miaka ikaenda, na zinki ikawa imeshuka kwenye graph. Tukashangilia. Bei ya kahawa ilikuwa imeanguka, watu wanang'oa mibuni wanapanda nyanya, tukasema dawa zimepungua, ziwa linapona. Wafadhili wakafurahi, wakataka Dokta asome report kwenye mkutano pale mjini, kisha project iongezewe muda.

Aliyekosa raha ni Dokta mwenyewe. Dawa yenyewe ya mibuni ilikuwa ya shaba, na shaba haikuwa imesogea.

"Kwa nini ishuke zinki peke yake?" aliniuliza.

Jumapili moja baada ya ibada akaja Akheri kumsalimia mama. Wakiwa uani, nikamwona anainamia ile ndoo ya kuku. Ndani ilikuwa imeliwa, mng'ao wote umekwisha.

Bati hupakwa zinki, wakuu. Maji ya magadi yalikuwa yanaila kidogo kidogo, na sisi tunaipima kama ya ziwa.

Dokta akapitisha kidole ndani ya ndoo. Mama akadhani amekwazika na uchafu.

"Nisamehe mwanangu, ningejua unakuja ningeiosha."

"Hapana mama. Naomba uniazime tena."

Tukaenda Momela na ndoo zote mbili. Tope moja, nusu kwenye bati, nusu kwenye plastiki. La bati likaja na zinki juu, ingawa ndoo ilikuwa imechakaa. La plastiki likabaki chini.

Wenzetu ofisini wakamshauri asome report kama ilivyo, nani atajua? Mimi nilikuwa nimetoka kuoa. Project ikifa, sina kazi. Niliogopa sana.

Mkutanoni akasimama na kusema, "Ziwa halijabadilika. Iliyobadilika ni ndoo yetu." Watu wakacheka. Yeye hakucheka. Akafuta namba za zinki za miaka yote ya ndoo ya bati mbele yao.

Project haikuongezewa muda. Nikarudi Akheri kulima nyanya, na kwa kweli nilimnunia.

Miaka mingi baadaye, Dokta akiwa ameshatangulia mbele za haki, wakaja watafiti vijana wanataka kupima tena Momela. Wakanitafuta niwaonyeshe sehemu. Mmoja akaniuliza, "Mzee, hizi namba zenu za zamani tunaweza kuziamini?"

Nikamwambia, "Zilizobaki, ziamini zote." Nikageuka kidogo, maana machozi yalikuwa yananitoka.

Nilichojifunza: ukiona mambo yanakwenda vizuri ghafla, angalia kwanza umepimia nini. Na bosi anayekukosesha kazi kwa kusema kweli, usimnunie muda mrefu kama mimi.

Kuna aliyefanya kazi na mtu wa hivyo? Na nyie wa Meru, nani bado ana ndoo ya bati nyumbani? Karibuni.