Jina Lililofutwa kwa Ombi Lake

Kila asubuhi Bi Shukriya alifungua barua pepe kabla hajatua mkoba. Aliinama juu ya kompyuta ya ofisi ya tafsiri, pale Ibra, Oman, mkoba ungali begani, akatazama kama imefika barua kutoka Unguja. Haijafika. Ndipo akaketi na kushika karatasi za watu.

"Bi Wakili, leo tumeshinda?" Mahrous alimuuliza. Ndiye mwenye ofisi. Wazee wake walitoka Tabora, na utani hawakuuacha huko.

"Hakimu hajaamka bado, Mahrous."

Kule Unguja Bi Shukriya alikuwa wakili miaka kumi na tisa. Alikuja Oman kumuuguza mama yake, Bi Mahfoudha, akamuuguza miaka sita, hata akamzika. Sasa alitaka kazi yake. Kamati ya mawakili ya Oman ilimwambia kuwa mtu aliyefanya uwakili miaka kumi kwao husamehewa mtihani, mradi msajili wa huko athibitishe kwamba jina lake limo katika daftari la mawakili.

Hapo ndipo palipomtia hofu. Wenzake waliohama walisafiri na leseni zao kimya kimya. Yeye alilelewa kwamba anayehama huaga: hurudisha amana, huomba radhi, haondoki kama mwizi. Basi alipohama Unguja, baada ya kuwaaga majirani, alikwenda kwa msajili na barua, akaomba jina lake lifutwe, asishike cheo asichokitumikia.

"Watu hufa majina yao yamo humu, bibi," karani alimwambia.

"Mimi sijafa, mwanangu. Ndiyo maana nimekuja mwenyewe."

Akafutiwa. Aliona raha siku ile, kama aliyelipa nadhiri.

Barua ya msajili ilifika siku ya Jumatatu. Mistari minne. Mwenendo wake ulikuwa mwema. Jina lilifutwa kwa ombi lake mwenyewe. Akitaka kurudishwa, akae Unguja miaka miwili chini ya wakili mwingine. Aliipeleka kwa kamati siku hiyo hiyo. Jibu halikuchukua hata wiki: asiye wakili kwao hana leseni ya kuhamisha. Afanye mtihani, karatasi tano, kwa Kiarabu.

"Si ufanye tu?" Mahrous alisema, safari hii bila mzaha. "Kiarabu unacho."

"Ninacho cha jikoni na cha msibani. Nina miaka hamsini na sita."

Mahrous akamsogezea kahawa, akarudi mezani kwake.

Adhuhuri alikuja mfugaji kutoka Sinaw na mkataba wa kukodi zizi. Shukriya alikiona kifungu kitakachomtoa mtu yule zizini kabla ya mwaka kwisha. Kalamu ikasimama. Hakuruhusiwa kumshauri, kwa kuwa si wakili hapa. Akakitafsiri kilivyo, wazi kadiri alivyoweza, na yule bwana akatia sahihi hapo hapo bila kusoma, akashukuru, akaenda zake.

Alasiri alimkuta nyumbani Manar, binti wa kaka yake, msichana asiyesema sana, akimjazia fomu ya kitambulisho kwenye simu.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba."

Manar alijaza tarehe, akajaza mtaa, kisha akasita kwenye nafasi ya kazi. Barua ya msajili, iliyochapishwa, ilikuwa wazi mezani, na alikwisha kuisoma.

"Shangazi, niandike wakili?"

"Hapana. Andika mfasiri."