Picha ya Elirehema na Mafundi Wawili wa Seva

"Umeifuta wewe!"

"Nimeifuta saa ngapi? Mashine yangu hata sijaigusa tangu asubuhi!"

"Imefutwa kutoka kwenye Windows yako, kupitia waya wa mtandao. Unabisha nini?"

"We Elieza, usiniletee. Linux yako imemeza faili halafu unataka kunibebesha mimi?"

"Linux haimezi faili, bwana mdogo. Nenda kasome tena."

Katikati yao alikaa mama wa watu, fremu tupu mapajani.

Mimi nilikuwa nyuma ya kaunta, nimekunja ngumi. Nilitamani niwazabe vibao wote wawili.

Hii ilitokea Kaloleni, hapahapa Arusha, kwenye intaneti kafe niliyokuwa nafanya kazi. Shule niliitema kidato cha pili, kwa hiyo msinitegemee kwa mambo ya vyeti. Kazi yangu ilikuwa kuwasha kompyuta, kuwafungulia watu email na kupiga deki.

Tajiri wetu alikuwa Mzee Abdulhalim. Alianza na kuuza mabati. Biashara huria ilipochanganya na kila mtu mjini akafungua kafe, naye akafungua. Kompyuta yenyewe alikuwa haijui, anaiogopa kama mbwa wa jirani.

Akatafuta fundi wa kushika seva, ile kompyuta kubwa inayogawa mtandao kwa wenzake na kutunza mafaili ya wateja.

Wakaja wawili.

Lesikar wa Olmotonyi, amesomea Nairobi, mtu wa Windows. Na Elieza wa Lemara, mtu wa Linux, mfumo mwingine wa kuendeshea kompyuta. Mzee akasema kila mmoja aweke seva yake, zifanye kazi pamoja, Ijumaa ya mwisho wa mwezi atachagua moja.

Aisee. Tangu siku ile kafe ikageuka kijiwe cha matusi.

"Windows hata mama ntilie anaiweza," Lesikar alikuwa anawaambia wateja. "Unabofya, kazi imekwisha. Huyu mwenzangu mpaka aiandikie mashine barua."

"Yako ukiongeza kitu kidogo tu, inataka izimwe iwashwe. Wateja wanakukodolea macho," Elieza anajibu. "Yangu haizimwi. Nikitaka kujua nani ananyonya laini ya mtandao, naandika neno moja, jibu hili hapa. Wewe na kipanya chako unazunguka kama mgeni sokoni."

"Na sisi komandi tunazo."

"Zile za DOS, za enzi za mababu? Hicho kichuguu, unakileta mbele ya Meru?"

Watu wanacheka. Na mimi nilicheka.

Mpaka ilipofika ile Ijumaa.

Yule mama alitoka Nkoaranga. Mwanawe Elirehema alikuwa mpagazi wa mlimani. Aliteleza kule juu kwenye ukingo wa Meru, wakamshusha amekufa. Nyumbani hakukuwa na picha yake hata moja ya ukubwani. Mzungu mmoja aliyepanda naye ndiye aliyempiga picha, amesimama na mzigo kichwani, anacheka meno yote nje. Akaituma kwa email ya kafe yetu.

Nikaihifadhi kwenye seva ya Elieza. Wino wa rangi wa printa ulikuwa umeisha, tukaagiza Nairobi. Kila siku ya soko mama anashuka, namfungulia. Anamwangalia mwanawe kwenye kioo, anashukuru, anaondoka.

Jumapili iliyokuwa inakuja walitaka kuweka msalaba kaburini. Wino ulishafika. Mama alikuja na fremu yake kabisa.

Nafungua folda. Tupu.

Ndipo lile zogo likaanza. Mzee Abdulhalim akatoka ofisini na kibaraghashia chake.

"Nyamazeni! Picha ya marehemu iko wapi?"

"Mzee, mtu kaifuta kwa kutumia Windows," Elieza akasema. "Na ukifuta kupitia waya, hata kile kipipa chao cha taka hakiishiki. Imekwenda jumla."

Mama akashika mdomo. Machozi yakaanza kumtoka, kimyakimya.

"Lakini mimi naweza kuirudisha," Elieza akaongeza. "Windows haina ubavu huo. Nikiirudisha, mzee, si utakuwa umeshaona nani wa kumpa kazi?"

Sikia hiyo. Mtu analia, yeye anafanya interviu.

"Mwongo!" Lesikar akaruka. "Faili likishafutwa kwenye hiyo Linux yako ndiyo limekufa!"

"Kwako. Kaa pembeni ujifunze."

Akavuta kiti. Skrini nyeusi, maandishi meupe. Akavunja vidole kama anataka kupiga kinanda kanisani. Sote tukasogea, mama naye akasimama na fremu yake.

Sasa, watu wa skrini nyeusi ni wavivu wa kuandika. Komandi waliyoiandika mara moja hawaiandiki tena. Wanabonyeza mshale wa juu, mashine inawarudishia za nyuma, moja baada ya nyingine. Elieza alishaandaa yake ya kutafutia. Akabonyeza mshale kwa mbwembwe, ta-ta-ta.

Akapitiliza.

Ikatokea nyingine. Akataka kushuka haraka, Lesikar akamdaka mkono.

"Subiri. Hii nini? mv... si ndiyo ya kuhamishia faili? Elirehema... kwenda root, folda ya fundi mkuu?" Akageuka. "Mzee, folda hiyo ina mtu mmoja tu mwenye neno la siri. Huyu hapa!"

Mama akanigeukia.

"Anasemaje?" mama akaniuliza.

"Mama, picha haikufutwa. Ilifichwa."

"Na nani?"

Nikamwonyesha kwa kidole. Elieza akainama, anajifanya anafuta kibodi.

Nikajua sasa anafukuzwa kama mbwa.

Mzee Abdulhalim akakuna kidevu, akatikisa kichwa. Halafu akacheka.

"Sasa kama ameificha hivi mpaka nyie wote mmeikosa, wezi watayaona mafaili yangu? Elieza, kazi ni yako."



Nikamtazama Lesikar, nikidhani angalau yeye atasema neno. Alikuwa ameshainamia skrini.

"Hebu nionyeshe," anamwambia adui yake, "hapo kwenye kufungia folda ulifanyaje?"

Wakaanza kufundishana! Vichwa vimegusana kama watu walionyonya ziwa moja. Hakuna aliyemwambia yule mama hata pole.

Nikamsukuma Elieza begani, nikasema toa picha. Akaitoa. Nikaiprinti mwenyewe. Ilipotoka nikamwambia Mzee atafute mtu mwingine wa kupiga deki, maana uchafu wa pale ulinishinda.

Nyie mnaobishana humu jukwaani kila siku Linux au Windows, ipi kali, ipi mbovu, endeleeni. Mimi nikiulizwa nauliza kwanza nani kashika kibodi. Kama hana utu, mpe mfumo wowote unaoutaka, atautumia kumliza mama wa mtu.

Mama aliiweka picha kwenye fremu, akakifuta kioo kwa pindo la kitenge. Nikamfuata mpaka mlangoni.

"Mama, ngoja nikusindikize hadi stendi."

Akaniangalia juu mpaka chini.

"Kaa na mashine zenu," akasema.

Akageuka, akaenda zake.