Kidole cha Nne cha Baruti

Kuna watu hapa Unyambwa mpaka leo wakiniona wananinyooshea vidole vinne badala ya kunisalimia, na siwalaumu, kwa sababu aibu hiyo niliitengeneza kwa mkono wangu mwenyewe, mchana kweupe, mbele ya wakwe.

Enzi hizo za Mwingereza nilikuwa kijana wa kujisikia (nisiwafiche, nilijisikia sana), na nilikuwa nimemposa Mwajuma, binti wa Mzee Ntandu, mwindaji aliyekuwa na gobore lenye kibali cha Bwana Shauri wa wilaya. Mzee hakutaka maneno mengi, alisema mkwe wake lazima ajue kushindilia bunduki ya kupiga mbali, kwa hiyo ataweka boga juu ya kichuguu, hatua mia moja na hamsini, nikilipiga nachukua mke, nikilikosa nirudi kwetu.

Wiki nzima furaha ilininyima usingizi. Nilianika baruti juani, nikaichekecha, nikaviringisha risasi juu ya jiwe mpaka ikawa laini kabisa, nikakata kitambaa cha kuifungia nikakipaka mafuta ya mkia wa kondoo, maana risasi ikikaa sawasawa ndani ya mtutu haiyumbi njiani. Mzee alinipa kipimo kimoja tu, kwamba nikishamaliza kushindilia, ule ufito wa kushindilia uchomoze nje ya mtutu vidole vitatu, maana baruti ikizidi nao unazidi kuchomoza. (Ndivyo gobore linavyopimwa kwetu, nani alikuwa na mizani?)

Siku ikafika, ukoo mzima ukaja. Nikalitazama lile boga, nikaliona dogo kama limau, nikajiambia kwa umbali ule vitatu havitoshi, nikaongeza baruti ya kidole kimoja. Kimoja tu, jamani.

Sasa kwetu mtu na mama mkwe wake hawakutani, hata njiani mmoja anaingia vichakani mwenzake apite. Mama yake Mwajuma alitamani sana kuona, akafikiri akikaa nyuma yangu, kule nisikotazama, mwiko utakuwa salama. Mimi hata sikujua yupo.

Nikafyatua. Nilisikia kishindo, nikaona anga, kisha nikajikuta nimekaa kitako mahali laini, uso umejaa masizi, na kofia sijui imekwenda wapi. Nikamshukuru Mungu kwa ule ulaini, mpaka nilipogeuka nikakutana macho kwa macho na mama mkwe, amenipakata kama mtoto anayesubiri uji. Yeye akajifunika kanga. Mimi sikuwa na cha kujifunika, nikajiziba uso kwa viganja. Boga lilikuwa palepale kichuguuni, zima.

Mzee alikuja taratibu, akaushika mkono wangu, akauweka wake kando ya wangu. Vidole vyake vilikuwa vyembamba kama mabua ya uwele, na kimoja changu, kilichokomaa kwa jembe, kilikuwa sawa na viwili vyake.

"Nilikuambia vitatu," akasema. "Vyangu, si vyako. Na wewe ukaongeza."

"Shikamoo baba," ndilo neno pekee lililonitoka.

Nilijua Mwajuma ameshanitoka, na niliumia kweli. Wazee wakakaa, wakasema aliyepakatwa na mama wa nyumba ni mtoto wa nyumba, na mtoto haoi dada yake. Nikaanza kuokota kofia yangu niondoke. Ndipo mama mkwe, bila kunitazama, akamtuma wifi yake aliyekuwa pembeni.

"Mwambie kaka yako amuoze upesi huyu. Akianguka tena, amwangukie mke wake."

Mzee alicheka mpaka akakaa chini, akakubali. Nikachinja mbuzi wa kuondoa mwiko, nikampata Mwajuma, na nikaapa sitagusa tena gobore. Mpaka leo mke wangu akiniambia niongeze mafuta ya taa kwenye kibatari kidole kimoja, namwita aje aweke chake.