Mbwa Aliyevaa Neno Shingoni

Nilimkuta mbwa asubuhi nyuma ya jiko letu la nje, kijijini Chiola, amelala juu ya majivu ya jana. Mwanzoni nilidhani ana majani makavu usoni. Nikasogea. Ilikuwa miiba ya nungunungu, myeusi kwa myeupe, imemkaa puani, shavuni na kifuani, na kila alipohema ilitikisika yote kwa pamoja.

Nilimwita mama, aliyekuwa anafunga kanga aende sokoni Nachingwea mjini. Alimtazama kwa mbali.

"Mwache alivyo," akasema. "Udenda wa mbwa najisi. Na wewe nakujua, ukishika kitu huachi."

Ninaogopa mbwa. Ninaogopa pia kuacha kitu nusu, na hofu hii ya pili ndiyo iliyoniponza. Shule niliishia darasa la saba. Mengine yote, kushona, kufungua redio na kuifunga, hata Kiswahili hiki ninachoandikia, nimejifundisha mwenyewe kwa kurudia mpaka kosa litoke. Kwa hiyo mama alipoondoka sikuita mtu. Nilisoma kwenye simu namna ya kung'oa miiba ya nungunungu, nikasoma tena, kisha nikachukua koleo.

Kwetu watu husema ukate ncha kwanza, hewa itoke. Simu ilisema usikate. Niliamini simu. Nilivuta mmoja mmoja, kwa kufuata njia ulikoingilia, koleo likigonga miiba ya jirani. Mbwa alinung'unika tu na kunitazama. Kila mwiba niliuweka juu ya gunia, nikaupanga kwa urefu. Ilifika kumi na minne. Wa mwisho ulikuwa ndani ya mdomo wa chini. Ningeweza kuuacha, lakini nilitaka kazi ikamilike. Nikavuta, naye akafunga kinywa.

Jino lilipita kwenye kidole gumba changu. Mchubuko wenyewe ulikuwa mdogo, kama punje ya mchele, ila ulitoa damu.

Kwetu aliyeguswa na udenda wa mbwa huosha mara saba, mojawapo kwa udongo. Nilianza na udongo, nikaendelea kwa sabuni. Nilipofika ya tano nikashuku kwamba ni ya nne, nikaanza upya. Nilianza upya mpaka pipa la maji likaonyesha chini.

Niliporudi kumfunga kamba ndipo nikauona mkanda shingoni mwake, umezama kwenye manyoya. Ulikatwa kwenye mpira wa ndani wa tairi la baiskeli, na mtu alikuwa ametoboa herufi kwa msumari wa moto: MTANYAMAZA.

Nilikaa chini. Nani anamvika mnyama neno kama hilo na kumwachia aende kwenye nyumba za watu? Nilijua kuhusu kichaa cha mbwa yale ambayo kila mtu anayajua, kwamba mgonjwa hushindwa kumeza maji, na mwisho wake ni mmoja. Nililisoma lile neno kama limeandikwa kwa ajili yangu.

Mama alirudi mchana, akasimama mbele ya gunia.

"Nani kaipanga miiba kama sindano za cherehani?"

"Mimi."

"Na hicho kidole?"

"Kisu. Nilikuwa namenya muhogo."

Siku ile hatukuwa na muhogo ndani. Sikudanganya kwa kuogopa kupigwa; nimeshapita umri huo. Nilidanganya kwa sababu kusema kweli kungenilazimu kusema kwamba nilijifanya najua, na nikakosea. Ninaandika haya kwa aibu. Nilikuwa tayari kufa kuliko kusahihishwa.

Siku mbili nilimchunga mbwa yule kuliko mtu anavyomchunga mgonjwa wake. Nilimwekea maji kwenye sufuria iliyovunjika sikio. Akinywa, nami nilikwenda mtungini nikanywa, nikisikiliza koo langu. Akichelewa kunywa, mate yangu yalikwama. Usiku sikulala vizuri. Mama alidhani nimempenda.

Siku ya tatu mama akasema mbwa ana kwao, arudishwe. Lakini kwao wapi? Hakusikia Kiswahili changu, wala Kimwera cha mama. Dereva wa bodaboda aliyekuwa amemleta mama kutoka barabarani alimtupia maneno mawili kwa Kimakua, na mbwa akalala chini papo hapo, mkia ukipiga vumbi.

"Huyu ndugu yangu," dereva akasema. "Wapo wenzetu wanalima Narung'ombe, wanafuga mbwa wa kulinda mihogo. Tuanzie kule."

Nilikubali upesi, kwa sababu ambayo mama hakuijua. Mwenye mbwa peke yake ndiye angeweza kuniambia kama mbwa amechanjwa.

Tulimtia kwenye tenga la kubebea kuku, tukalifunga nyuma ya pikipiki. Mimi nilikaa katikati, pumzi ya mbwa ikinipiga kisogoni.

"Dada, akiniruka mgongoni nakuachieni chombo," dereva akasema. "Mtagawana wenyewe."

Sikucheka. Njia nzima ya kuingia wilaya ya Ruangwa, iliko Narung'ombe, nilikuwa natunga sentensi moja: samahani, ningependa kufahamu iwapo mbwa huyu alipata chanjo ya kichaa cha mbwa. Niliitengeneza mpaka haikuwa na doa.

Narung'ombe tulikuta wanawake kivulini kando ya nyumba wakipukuchua karanga. Nilishuka, nikawaamkia, na sentensi yangu yote ikapotea. Kilichobaki kichwani ni lile neno. Nikawatazama, nikasema kwa sauti:

"Mtanyamaza."

Mikono ikasimama juu ya ungo. Mkubwa wao akanitazama kuanzia viatu.

"Tutanyamaza kwa lipi, mwanangu? Hata hujafika vizuri."

"Labda tumemzidi kelele," mwenzake akasema.

Nilitaka ardhi inimeze. Lakini nyuma yangu tenga lilianza kuyumba. Mbwa alikuwa amesimama humo ndani, analia kama mtoto aliyesikia akiitwa. Yule mkubwa akaangusha ganda la karanga, akacheka mpaka akashika mbavu.

"Anasema mbwa, jamani. Mbwa wa bibi wa kule mwisho. Hilo ndilo jina lake. Katuandikia sisi majirani, kila jioni akimwita chakula sisi tunapata salamu zetu."

Nyumba ya mwisho ilikuwa nyuma ya mikorosho. Bibi alitoka na jembe mkononi, mbwa akamwendea kwa tumbo. Alimpapasa pua, akahesabu matundu ya miiba kwa kidole. Kiswahili chake kilikuwa kidogo, kwa hiyo dereva alisaidia. Alisema alipofiwa na mume watu walisema yeye ndiye aliyemmaliza. Hakujibu. Alimwita mtoto wa mbwa jina hilo, basi.

Nikauliza kuhusu chanjo. Sentensi nzuri haikurudi. Nilisema tu, "Alichomwa sindano?"

Bibi akatikisa kichwa. "Watu wa sindano walikuja. Yeye kakimbia porini."

Nadhani nilishika nguzo ya nyumba. Bibi akauchukua mkono wangu, akafunua kitambaa nilichofungia kidole.

"Kakuuma," akasema. Halafu, "Nani anajua?"

"Hakuna."

Alimgeukia dereva akasema maneno mengi kwa Kimakua. Dereva hakutania tena. "Anasema yeye atamfunga mbwa hapa amtazame maji yake kila siku. Wewe nikupeleke zahanati sasa hivi, na ukitoka huko umwambie mama yako."

Mhudumu wa zahanati aliniuliza niliumwa lini. Nilisema siku ya tatu leo. Alikunja uso.

"Ulipaosha?"

"Mara saba. Ya kwanza kwa udongo, zilizobaki kwa sabuni. Kisha nikarudia."

"Udongo usirudie kwenye kidonda. Lakini hiyo sabuni umefanya la maana kuliko yote." Alinichoma sindano, akaniandikia siku za kurudi. "Mbwa mwenye kichaa hapiti siku kumi, lakini wewe usimsubiri. Sindano zote unamaliza, mbwa awe mzima asiwe mzima."

Mama nilimwambia jioni, jikoni, nikitazama moto. Alisukuma ukuni ndani. Kisha akasema, "Muhogo. Nami nikajiuliza, muhogo gani," akanisogezea chai.

Sindano nilikwenda zote. Hofu haikuondoka kwa sindano. Nilikunywa maji na kusikiliza koo kila siku, nikijua kwamba kule mwisho wa Narung'ombe kuna mtu mwingine anatazama maji ya mbwa kwa ajili yangu. Siku ya kumi tangu nilipoumwa simu ililia. Ilikuwa namba ya dereva, lakini hakusema kitu. Nikasikia pumzi, jogoo, halafu sauti ya bibi ikiita kwa nguvu zake zote:

"Mtanyamaza!"

Mbwa akabweka. Bibi akaita tena, mbwa akabweka tena, karibu zaidi, na nikasikia ulimi wake ukilamba maji ndani ya chombo cha bati. Bibi alikuwa ameshika simu palepale.

Mama akauliza bibi anasema nini. Nilimpa simu asikilize mwenyewe.