Jaji Aliyeacha Kazi

"Shoga, jaji kaacha kazi mwenyewe," Darlene alimnong'oneza Corrine juu ya ua wa mbao. "Jaji wa shirikisho, kawekwa na rais, kazi ya mpaka kaburini. Mtu anaiacha hivi hivi? Lazima kuna jambo."

Kila asubuhi Corrine alimwona jaji huyo mzee, jirani yao, akikwangua barafu kwenye kioo cha gari lisilokuwa na safari tena. Sauti yake ilikuwa ya chini, na hakumkatiza mtu kamwe. Hata mtoto wa Corrine wa miaka mitatu alipomsimulia habari ndefu za paka, mzee alivua kofia akangoja mpaka mwisho. Jumapili moja alikuja mlangoni, akakataa kuketi. "Kaka yako Wade, aliyefia gerezani," alisema. "Kabla ya hukumu, jaji humuuliza mshtakiwa kama ana la kusema. Siku ile kesi zilikuwa nyingi, nikampa miaka kumi na miwili bila kumwuliza. Alikuwa ameshika karatasi aliyoandika maneno yake. Niliiona."

Corrine alimkumbatia mwanawe. Karatasi ile, iliyoletwa na vitu vya Wade kutoka gerezani, ilikuwa kabatini, miaka yote.

"Kama unayo, binti yangu, naomba unisomee."