Kazi ya Kukaa Mbele ya Piano

Mulishaona muntu mwenye anakula mushahara juu ya kukaa tu mbele ya kazi inayojifanya yenyewe? Hapana, sisemi wakubwa wa serikali, mutanifungisha. Nasema bwana yangu, baba ya watoto wangu, wakati wa Zaire, hapa Kalemie, kwenye oteli moja pembeni ya ziwa.

Wazungu walikuwa wameacha pale piano yenye kujipiga. Unaingiza karatasi yenye matundu, unazungusha mushale wa saa iliyo ndani yake, unauweka pale unapotaka. Ile saa ikifika, kura, ule umeme, inaingia, piano inaanza. Meno yake yanashuka yanapanda, na vidole hakuna. Wateja walikuwa wanakimbia wanaacha bia kwenye meza, wanasema ni muzimu. Basi patro, mwenye oteli, akatafuta muntu wa kukaa pale amevaa abakosti, ile suti ya Zaire isiyo na tai, apeleke mikono huku na huku. Huyo muntu njo alikuwa bwana yangu. Mi nilikuwa nasafisha mulemule. Na vile serikali ilitaka tuimbe vya kwetu, patro alikuwa anaambia wageni zile valsi za wazungu ni nyimbo za mababu. Wageni wanatikisa kichwa, wanasema kweli, wanazikumbuka.

Siku moja tukasikia mukubwa mumoja wa Kinshasa atakuja kula pale mangaribi. Patro akasema piano ianze wakati mukubwa anakaa kwenye meza. Bwana yangu akikosa, abaki kwake. Na watoto wetu wote walikuwa wanasoma kwa mushahara wa ile abakosti.

Sasa, muchana kura ikakatika. Iliporudi, saa ya piano ilikuwa imelala. Bwana yangu hakuwa na saa ya mukono. Akauliza mufanyabiashara mumoja mwenye alikuwa ametoka kushuka kwenye mashua na masanduku ya sabuni, akaweka saa vile aliambiwa, na mushale kwenye saa ya chakula, akaenda nyumbani kupiga pasi, roho safi. Kumbe yule anatoka Kigoma, ngambo ya ziwa, na saa ya Kigoma inatangulia yetu saa moja nzima. Kalemie hata mutoto anajua hiyo. Siku ile, bwana yangu akasahau.

Na wakubwa wa Zaire, munawajua, walikuwa wanachelewa hata kwa mambo yao wenyewe. Huyu peke yake akafika mapema. Anaingia mulangoni, mi niko napangusa piano, na piano ikaanza.

Nikajikuta kwenye kiti, kitambaa cha vumbi mukononi. Nikapeleka mikono. Niliyapapasa yale meno kama napangusa, na kweli nilikuwa napangusa.

Bwana yangu akatokea, abakosti imenyooka, akaniona. Akainama, akachukua ndoo yangu.

Mukubwa akasimama karibu yangu. Akauliza, "Mama, nani alikufundisha?"

"Ni yenyewe, mukubwa. Njo ilinifundisha."

Akapiga makofi. Akaambia patro huyu njo mwanamuke wa Zaire, akae palepale siku zote. Nani angemubishia? Tukabadilishana: mi nikapata kiti, bwana yangu akapata ndoo, na ndoo aliibeba amevaa abakosti. Mushahara ulibaki nyumba moja, watoto wakasoma. Kitu kimoja tu kilimuuma, kila tukirudi ananiambia, "Mama, wewe unapiga vibaya."

Mpaka leo kwenye parokia wananiita mama wa piano. Juzi korali ikapata kinanda kipya, Padri akatangaza mbele ya wote kwamba siku ya Pasika nitakipiga mimi. Nilirudi nyumbani nalalamika. Heshima ya uzee wangu wote iende hivyo, mbele ya altari?

Mujukuu wangu mwanamuke, anayeimba korali, akanisikiliza, akacheka mpaka akakaa chini. Akasema mule ndani ya kinanda kuna nyimbo zimelala, atapanga moja iamuke mi nikikaa tu.

"Nkambo, we vaa tu kitenge kizuri. Nitasimama nyuma yako. Wimbo ukikaribia kuisha nitakohoa, utoe mikono."

Ameniahidi.