Mafuta kwenye Miguu ya Bibi

Ilianza Jumanne, saa moja na dakika kumi asubuhi, nimepiga magoti sebuleni nampaka bibi mafuta miguuni. Nilipaka mpaka magotini, nikarudia. Bibi ni mtu wa Iyula, na kwao mtu haendi kanisani wala kwa daktari miguu imepauka. "Watadhani sina watu," alisema. Miguu yenyewe ilikuwa imevimba hadi inang'aa kabla hata ya mafuta. Nilipobonyeza kwa dole gumba juu ya mfupa, shimo lilibaki pale muda mrefu kuliko juzi. Nililiona. Sikusema. Mimi ni mtu wa kuona na kunyamaza, ndiyo maana nina daftari la kuandika haya.

Ilikuwa wiki yake ya tatu kwetu Tunduma. Tuliambiwa moyo wake umechoka kusukuma damu, kwa hiyo maji yanatuama miguuni. Mama alikuwa dukani, mimi niko likizo, basi kumpeleka kliniki ikawa kazi yangu. Kahawa yake ya Iyula ilikuwa imeiva na kichwani mwake hamkuwa na kingine. Daktari akisema maji yamepungua, anarudi shambani.

Hospitalini kuna kipimo kidogo kama redio, kina nyaya nne. Mara ya kwanza mama alimpeleka moja kwa moja kutoka shambani, miguu mikavu. Safari hii daktari alibandika stika mbili karibu na kifundo cha mguu na mbili chini ya goti.

"Unanitia umeme tena?" bibi akauliza.

"Bibi, huu ni mdogo mno. Hata sisimizi hausikii."

"Ulimuuliza huyo sisimizi?"

Daktari akacheka. Aliniona nimekodolea macho kioo cha kile kipimo, akanieleza kama vile nimeuliza. "Maji ya mwilini yana chumvi, umeme unayapenda. Yakiwa mengi mguuni unapita kirahisi, namba inakuwa ndogo. Yakipungua unapita kwa shida, namba inapanda. Tunajua mguu umejaa kiasi gani bila kumchoma mtu."

Stika moja ikateleza. Akaibonyeza, akaishikiza kwa plasta. Namba ikapanda, juu zaidi kuliko ya mara ya kwanza.

"Bibi, maji yametoka! Tutapunguza vidonge."

"Si nilisema mimi! Kesho niko Iyula." Alikuwa ameshaanza kutafuta viatu vyake kwa vidole vya miguu.

Nikakumbuka lile shimo la asubuhi. Nikakumbuka na darasa la fizikia, mafuta hayapitishi umeme. Kalamu ya daktari ilikuwa inaandika tayari. Nilisema kitu, kwa sauti ambayo hata mimi sikuisikia.

Daktari akaacha kuandika. "Unasemaje, mdogo wangu?"

"Nimempaka mafuta. Mengi."

Bibi akanigeukia. "We mtoto! Siku zote huna neno, leo ndiyo umelipata?"

Daktari alibonyeza mguu kwa dole gumba. Shimo. Akaleta sabuni na maji ya vuguvugu, akaosha miguu yote miwili mwenyewe, akafuta kwa spiriti, akabandika stika mpya. Namba ikashuka mpaka chini ya ile ya siku alipoletwa na mama. Maji yalikuwa yameongezeka.

Nilisubiri kugombezwa. Akasema, "Kosa ni langu, nilitakiwa kusafisha kwanza. Mashine haiwezi kuniambia kuna mafuta. Wewe umeniambia. Ningempunguzia dawa, maji yangefika mapafuni." Bibi akachomwa sindano ya kutoa maji, vidonge vikaongezwa, tukaambiwa turudi kesho kupima tena.

Kwenye bajaji bibi alinuna mpaka tukaimaliza foleni ya malori. Kisha akasema, "Umeniharibia kahawa yangu." Baadaye kidogo akauchukua mkono wangu, akauweka mapajani kwake, akaushikilia hadi nyumbani. Mchana kutwa alikuwa anakwenda chooni na kurudi, mwisho akaanza kucheka mwenyewe. "Kumbe nilikuwa mtungi!"

Namshukuru yule daktari kwa kuniuliza ninasemaje. Watu wazima wengi wakisikia sauti yangu wanaendelea na walichokuwa wanafanya, na mimi huwa nashukuru wakiendelea. Siku hiyo naye angeendelea, ningekuwa nimempoteza bibi kwa kopo la mafuta na aibu yangu. Nilimshukuru Mungu pia, na bibi, maana mkono wangu aliushika akiwa bado amekasirika.

Asubuhi yake nilimwosha miguu kwa sabuni nikaikausha kwa taulo. Sikupaka kitu. Ilikuwa imepauka vibaya, bibi akaiangalia kama miguu ya mtu mwingine. Nikabonyeza, shimo likajaa kabla sijainua macho. "Bibi, linajaa haraka," nilimwambia, kwa sauti. Nikamfunga kitenge cha mama, nikakishusha mpaka kwenye vifundo miguu isionekane na mtu, nikatoka kusimamisha bajaji.